Kahawa Iliyoliwa Mbele ya Kamera

Chechelesi, Isiolo
9 Juni 2024

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba ngamia wameacha kukohoa. Mimi ni mzima. Baba Mdogo Ibrae pia ni mzima, isipokuwa goti lake, ambalo anasema linajua mvua itakuja lini ila linakataa kumwambia.

Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu unapiga kelele mpaka majirani wanadhani tumefiwa, halafu mtandao wa Biliqo unakatika kabla sijasema la maana. Mamo wa lori la mbuzi ameahidi kukupa hii mkononi.

Baba, kuna jambo. Unajua ninauza chai kwenye mjengo, lile ghorofa linaloinuka hapa nyuma yetu. Vibarua wa pale wametoka kila upande, wengine Turkana, wengine Marsabit, wengine Meru, na wengine ni wakimbizi waliovuka mpaka wakiwa watoto. Alikuja dada mmoja wa Nairobi, anaitwa Gacheri, akawa anakunywa chai yangu kila asubuhi bila kusema shida yake. Mwishowe akasema anatengeneza filamu. Ni hadithi ya kijana mkimbizi, kibarua wa mjengo, na msichana anayewauzia chai. Wanapendana lakini hawana mahali pa kuyaweka hayo mapenzi. Hataki waigizaji wa Nairobi. Anataka sisi wenyewe.

Msichana wa chai ni mimi. Baba Mdogo amekubali, kwa sharti kwamba naye aonekane ndani. Nitavaa hijabu yangu ya kila siku, hakuna kushikana mikono wala jambo la aibu. Naomba ruhusa yako na dua zako.

Huku mambo yamekuwa kama ndoto ya mchana. Jana walipiga picha jua likizama nyuma ya ghorofa, Gacheri hakuridhika, kwa hiyo leo tumelingoja lizame tena, na kesho tutalingoja. Mimi kazi yangu ni kusimama na thermosi. Sijawahi kuliangalia jua hivyo, Baba. Miaka yote limekuwa likizama na mimi naosha vikombe.

Msalimie Mama sana.

Binti yako,
Hamdi


Biliqo
21 Juni 2024

Binti yangu Hamdi,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Ngamia wawili bado wanakohoa, na mmoja nadhani anajifanya ili asibebeshwe mizigo. Mama yako anakusalimu.

Kwanza, mimi sipigi kelele kwenye simu. Simu ndiyo haisikii.

Mama yako nimemsomea barua yako mara mbili. Anauliza kama filamu itaonyesha kwamba umekonda. Ruhusa nimekupa kwa sababu Ibrae yuko hapo, ingawa ndugu yangu huyo tangu utotoni akipewa nafasi ya kuongea mbele za watu, mbuzi wote wanaweza kupotea na asijue.

Lakini nieleze. Huyo kijana wa filamu ni nani? Ameswali lini mara ya mwisho? Ni Sabo au Gona? Usiniambie ni filamu tu. Sisi ni Gona, tunaoana na Sabo, na Gona kwa Gona ni ndugu. Sitaki watu wakuone kwenye picha umekaa na kaka yako ukimwita mpenzi.

Ujue pia kwamba watu wa Mzee Wario wa Garbatulla walifika hapa kuulizia habari zako, kwa ajili ya kijana wao. Niliwapa chai na maneno mazuri, jibu sikuwapa. Ni nyumba nzuri. Wakirudi baada ya mvua nitawasikiliza. Mimi si kijana tena, Hamdi, na nataka kukuona umekaa kwa watu ninaowajua.

Baba yako,
Waqo


Chechelesi
16 Julai 2024

Kwa Baba,

Assalaam aleikum. Habari za afya yako, na kifua cha Mama, na yule ngamia mwigizaji? Angekuja huku Gacheri angempa kazi. Sisi ni wazima.

Kijana anaitwa Galgalo. Alivuka mpaka akiwa mdogo, na mama yake akafia kambini. Lugha yake ni yetu, ila anaivuta kama watu wa upande ule. Anaswali. Ni Sabo. Nilikuwa nimemuuliza kabla ya barua yako kufika, akacheka kidogo akasema naye alikuwa anatafuta njia ya kuniuliza. Kazi yake ni kubeba kokoto na kukoroga simenti, na kabla ya filamu alikuwa mteja wangu mwaka mzima bila kusema neno zaidi ya "ongeza sukari."

Baba, acha nikueleze habari ya mvua. Kwenye hadithi, mvua inanyesha na vibarua wote wanakimbilia chini ya ghorofa, na mimi na yeye tunabaki tumesimama. Lakini unajua Isiolo mwezi wa saba. Basi Gacheri akaleta boza, lori la tangi la maji, mtu akapanda juu na mpira wa maji, akaanza kumwaga. Watoto wa Chechelesi walikuja mbio, kina mama wakaja na mitungi na mabeseni, hata mbuzi. Gacheri alitaka kuwafukuza, halafu akaacha, akasema hayo yote yaingie kwenye filamu. Mimi nilisimama nimelowa, jua linawaka na mvua inanyesha juu ya mtaa mmoja tu, na Galgalo ananitazama kutoka upande wa pili wa ile mvua. Tulirudia na kurudia mpaka boza likakauka, na nilipofika nyumbani nguo zilikuwa zimeshakauka pia, nikawa sina ushahidi.

Sasa kuna lingine. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Palihitajika wazee wa mvulana waende kuposa. Gacheri hakujua mila, nikamweleza: wazee huleta buni na tumbaku, hurudishwa, huja tena, hurudishwa tena, na siku ile buni zikikaangwa kwa samli na watu wa msichana wakazila, msichana ametolewa. Akasema, fanyeni kama mnavyofanya nyumbani, mimi nitapiga picha tu. Baba wa msichana akawa Baba Mdogo Ibrae. Wazee Galgalo aliwatafuta mwenyewe kule soko la mifugo, wazee wa ukoo wake kweli.

Walipokuja mara ya kwanza, betri ya kamera iliisha, Gacheri akawaambia wazee watoke nje. Mara ya pili punda wa jirani alilia mpaka hakuna kilichosikika, wakatolewa tena. Mara ya tatu kila kitu kilinyamaza. Baba Mdogo akapokea buni, zikakaangwa, akala, akazipitisha kwa watu wote waliokuwa wamesimama uani, nao wakala. Halafu akabariki. Alibariki kwa muda mrefu, Baba, na Gacheri alisahau kumwambia basi.

Tangu siku hiyo wanawake wa hapa wananiita bi harusi, na sijui kama wanatania.

Tulipokuwa tunarudisha vyombo, Galgalo alisimama mlangoni akaniambia, "Hamdi, mimi sikuigiza."

Nakuandikia wewe kwanza, kabla ya kumjibu yeye. Baba, nampenda. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Binti yako,
Hamdi


Biliqo
29 Julai 2024

Hamdi,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba wazee walirudishwa mara mbili, niliacha kusoma nikaenda kuangalia ngamia. Nilirudi kumalizia jua likiwa limezama.

Ibrae ni mdogo wangu lakini si baba yako. Kama alitaka kutoa msichana, yeye ana mabinti wake wawili wa kuwatoa. Kahawa ya filamu ni filamu. Betri si mimi, na punda si mimi. Waliorudishwa walirudishwa na punda, aliyekubali ni mtu aliyekuwa anaangalia kamera, na hapo mila iko wapi?

Kijana mwenyewe simchukii. Simjui, na hapo ndipo shida ilipo. Baba yake ni nani? Ukigombana naye utamshtaki kwa nani? Akifa mtoto wenu ataenda kwa watu gani? Mtu asiye na watu akikutoroka usiku hakuna mlango wa kwenda kubisha. Hiyo ndiyo hofu yangu, usiipambe kwa mvua ya boza.

Mwambie maneno yangu kama yalivyo. Watu wa Wario watarudi.

Mama yako amekasirika nami na amenipa chai bila maziwa. Hilo ni kati yangu na yeye.

Baba yako,
Waqo


Chechelesi
18 Agosti 2024

Kwa Baba,

Assalaam aleikum. Natumaini mko salama.

Nilimwambia kama ulivyosema: kahawa ya filamu ni filamu. Alikuwa amebeba ndoo ya simenti. Aliiweka chini, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama baba yangu ni mzima wa afya. Nikasema ndiyo. Akasema inshallah azidi kuwa mzima, akabeba ndoo akapanda nayo juu.

Nikwambie kitu nilichokuficha. Kule kambini jina lake liliitwa kati ya watu wanaopelekwa kuishi nchi za mbali. Wenzake huomba miaka na miaka jina liitwe. Yeye hakuitikia, akabaki huku Isiolo anakoroga simenti. Nilidhani ni kwa sababu ya kazi.

Filamu iliisha wiki iliyopita. Kwenye hadithi kijana anapanda lori na kuondoka, msichana anabaki na thermosi. Tuliigiza hivyo Jumatano, na Gacheri alifurahi sana na machozi yangu. Ijumaa Galgalo alipanda lori la kweli akarudi kambini. Mimi nilikuwa nimesimama mahali palepale, na hakuna aliyepiga picha.

Mimi si mgonjwa.

Binti yako,
Hamdi


Biliqo
11 Oktoba 2024

Binti yangu,

Assalaam aleikum. Mamo amepita hapa mara nyingi na hana kitu changu. Nilimuuliza kama amepoteza barua, akaapa kwamba hujampa yoyote.

Mvua imeanza, kidogo. Ngamia wamepona wote. Mama yako anauliza unakula nini. Mimi nauliza hilohilo.

Baba yako,
Waqo


Biliqo
2 Desemba 2024

Hamdi,

Watu wa Wario walirudi na buni. Niliwaambia nimeugua, waje wakati mwingine. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nilikuwa nimetoka kisimani mzima kabisa.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Baba yako


Chechelesi
19 Januari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa na hasira nawe, nilikuwa tu siko. Nilikuwa namimina chai ikafurika kikombe na watu wakaniita jina langu ndipo nikaisikia ikimwagika. Nikilala, naota ile mvua. Wakati mwingine kwenye ndoto inanyesha na mimi ndiye niliye juu ya boza, namtafuta mtu chini simwoni.

Sasa nimerudi. Nakula, mwambie Mama. Ghorofa limefika juu kabisa, vibarua ni wengine.

Gacheri amekuja na filamu imekamilika. Amewaonyesha watu wa Isiolo, sikwenda. Anataka kuipeleka Merti mwezi ujao, aionyeshe shuleni. Nakuomba usiende. Hutapenda, na mimi sitaki unione vile.

Kuhusu watu wa Wario, fanya unavyoona, Baba. Sitakupinga.

Binti yako,
Hamdi


Biliqo
16 Februari 2025

Binti yangu Hamdi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi ni wazima, na barua hii ni ndefu, kwa hiyo kaa chini.

Ulinikataza, nikaenda. Nilimwambia mama yako ninakwenda Merti kununua dawa ya mifugo, naye akasema na yeye anahitaji kununua dawa ya mifugo, akavaa nguo zake za Idi. Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yangu kwenye kidevu. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa mablanketi, na mchana kweupe tukawa gizani. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mbele yangu alikaa nani kama si Mzee Wario mwenyewe, alikuwa Merti kwa shughuli ya ngamia. Alinisalimu akaniuliza ugonjwa wangu unaendeleaje.

Halafu ukatokea ukutani. Hamdi, uso wako ulikuwa mkubwa kama nyumba. Mama yako alikuita kwa sauti, na mimi nikamwambia anyamaze, lakini na mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka nikusalimu. Mvua iliponyesha, watu wote darasani walitazama juu kwenye mabati. Mzee mmoja alitoa mkono wake dirishani chini ya blanketi aone kama ni kweli. Na wewe ulikuwa umesimama humo ndani ya maji unamtazama yule kijana, naye anakutazama. Mimi nimekulea, nimekuona ukiumwa na ukifurahi na ukidanganya. Nilijua ninachokiona.

Wakaja wazee na buni. Wakatolewa. Wakaja tena. Ibrae akapokea, akala. Ndugu yangu ni mpumbavu katika mambo mengi lakini alikula vizuri, taratibu, kama baba yetu alivyokula siku ya dada zetu. Akaanza kubariki. Na darasani watu wakaanza kuitikia. Hakuna aliyewaambia. Kila neno alilosema Ibrae ukutani, darasa zima liliitikia, na katikati nikasikia sauti moja inaitikia kwa nguvu kuliko wote. Mama yako alinitazama. Ilikuwa yangu.

Baadaye kijana akapanda lori akaondoka. Wewe ukabaki na thermosi. Maandishi yakaanza kupita, na watu wakaanza kuokota viatu vyao.

Hapo sijui nini kilinipata. Nilisimama nikamwambia yule dada yako Gacheri kwamba filamu yake haijaisha. Akasema imeisha, mzee. Nikasema, na nilisema mbele ya Merti yote, "Kahawa imeliwa. Huyu kijana anaenda wapi?"

Nikaendelea, maana nikianza unanijua. Nikasema kwamba hata awe hana baba, hata awe ametoka mwezini, wazee wake walikuja wakarudishwa wakaja, buni zikaliwa mbele ya watu, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona msichana aliyeliwa kahawa akaachwa barabarani na chombo cha chai. Nikasema baba wa huyo msichana yuko wapi aone aibu hii.

Wario akageuka kwenye dawati lake. Akasema, "Waqo, baba yake ni wewe."

Nilikaa chini.

Watu walicheka, si kwa ubaya. Wario alinishika mkono tulipotoka nje kwenye mwanga. Akasema kijana wake ni mdogo na dunia ina wasichana, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameitikia baraka darasani, kwa hiyo hawezi tena kuleta buni kwangu bila kujikana. Nilimwomba radhi. Akasema nimwombe radhi kwa ule ugonjwa wa uongo tu.

Nilikukosea, binti yangu. Nilidhani nalinda mila, kumbe nilikuwa naogopa. Mpigie huyo Galgalo simu. Mwambie baba yako amesema kahawa imeliwa, na amesema mbele ya watu. Kama ameshapanda ndege kwenda huko mbali, hilo ni langu la kubeba, si lako.

Dawa ya mifugo tulisahau kununua.

Baba yako,
Waqo


Chechelesi
20 Februari 2025

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeilaza chini ya mto na naitoa kila mara kuhakikisha imeandikwa vilevile. Baba Mdogo nimemsomea ile sehemu inayosema alikula vizuri. Alitoka nje akakaa peke yake.

Nilipiga. Simu iliita kwa muda mrefu, akapokea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema tu kwamba wewe umesema kahawa imeliwa. Akauliza ulisema wapi. Nikasema Merti, shuleni, mbele ya watu. Akasema sawa, na mtandao ukakatika.

Tangu hapo simu yake imezimwa. Nimepiga leo mpaka Mama Chai wa upande wa pili ameniomba nipumzike. Sijui sawa yake ilikuwa ya kuja au ya kuniaga. Watu wanasema kuna kundi limesafirishwa wiki hii kwenda ng'ambo. Sina wa kumuuliza.

Lakini Baba, hata kama amekwenda, nashukuru ulisimama.

Binti yako,
Hamdi


Biliqo
27 Februari 2025

Hamdi, mwanangu,

Waaleikum salaam. Naandika haraka, Mamo amewasha lori na anapiga honi kama mwendawazimu.

Jana alasiri mtu alishuka huko njia ya Merti akaja kwa miguu. Hakukaribia boma. Alisimama mbali, pale wageni wanaposimama, akangoja aulizwe. Mbwa walimbwekea, hakusogea. Nilimwacha asimame kidogo, si kwa ubaya, nilikuwa natafuta kilemba changu.

Nikamwuliza ni nani. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akaendelea nyuma jina kwa jina bila kukwama, mpaka akafika kwa mtu ambaye baba yangu alichimba naye kisima. Nilikuambia hana watu. Watu wake wote alikuwa amewabeba kichwani.

Simu yake iliharibika siku ileile mliyozungumza. Alichelewa kwa sababu alingoja karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, hakutaka kuja kwangu kwa kujificha. Jina lake liliitwa tena kwa safari ya ng'ambo, na kiti chake amekwenda nacho mwingine. Amepita Isiolo. Amepita karibu kabisa na chai yako, na hakusimama. Anasema haikuwa adabu kukuona wewe kabla hajaniona mimi.

Mama yako amempa maziwa na sasa anampa tena. Kijana amechoka, viatu vimekwisha, lakini anakaa vizuri na anasikiliza mtu akiongea. Tulizungumza habari za kisima, za ngamia, za mama yake aliyefia kambini. Sikumuuliza kama anakupenda. Hilo nililiona Merti.

Panda lori la Mamo linaporudi. Mwache Ibrae auze chai.

Baba yako,
Waqo